Ni Kufunga Tu

Kaptembwo, Nakuru
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Tata Wamaitha,

Habari ya Kuresoi na baridi yake? Sisi tuko salama. Jua ni kali na vumbi limeingia mpaka ndani ya cherehani. Baba watoto, Gathogo, alirudi Naivasha jana, kwa kazi yake ya maua, tutamwona tena mwisho wa mwezi. Mitchelle ameanza darasa la kwanza na anasema mwalimu wake ana jino la dhahabu. Sijui kama ni kweli, lakini amekataa kabisa kuligeuza liwe jino la kawaida.

Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu ulisema zile za simu unaziona kama sisimizi, na nikikupigia, lile sikio lako lililofunga linachukua nusu ya maneno na lile zima linabishana na nusu iliyobaki. Basi ni barua. Wanyoike akileta lori ya kabeji sokoni Ijumaa nitamkabidhi.

Tata, kuna jambo, na nalisema mara moja ili usilisikie kwa watu wa soko. Nilimpeleka mtoto, Wangu, kliniki ya wiki sita. Muuguzi akamwekea ile ya kusikiliza kifuani, akasikiliza mara mbili, akamwita mwenzake, naye akasikiliza. Tukatumwa hospitali kubwa. Akapigwa picha ya moyo, ile wanapaka mafuta baridi halafu wanaangalia kama televisheni. Ukuta wa katikati ya moyo wake una tundu. Nikamwambia daktari, mimi ni fundi wa nguo, nipe kipimo ninachokijua. Akaangalia shati ya mtoto, akaniambia, "Dogo kuliko tundu la hiki kifungo."

Nimelia mara moja tu, chooni, kisha nikanawa uso.

Daktari mwenyewe anaitwa Cherop, ni mama wa makamo na anaongea polepole. Anasema hakuna dawa ya kunywa, wala kisu kwa sasa. Dawa yake ni kufunga tu, Tata. Wengi hufunga kabla ya mwaka kuisha na mtoto anakuwa sawa kabisa. Ikishindikana, ndio tutaongea habari ya kupasuliwa. Tunarudi Mei.

Mtoto ameamka. Kumbuka dawa zako za sukari.

Wako,
Jackie


Kuresoi
25 Februari 2025

Mwanangu Jackie,

Barua yako ilifika na alama ya kiatu cha Wanyoike juu yake, lakini nimeisoma yote, na nimeisoma tena. Mimi mzima. Mbwa mzima. Miche ya kabeji nimeihamisha shambani juzi, na mgongo bado unanikumbusha. Chepchirchir jirani alinisaidia mistari miwili kisha akaniambia mimi hupanda kama mtu anayefukuzwa.

Dada yangu mdogo anaendeleaje? Najua unacheka nikimwita hivyo. Lakini mtoto amepewa jina la mama yako, na mama yako alikuwa dada yangu mdogo. Sasa nimwite nani, afande?

Nimesikia habari ya tundu. Nimefurahi kwamba umepata daktari anayemjua Mungu, siku hizi ni wachache. Hiyo ya kufunga niachie mimi. Wewe nyonyesha, ulale ukipata nafasi, na usijaribu kunisaidia.

Nimetuma viazi vyetu, waru, gunia nusu. Zile ndogo ni za Mitchelle, achomewe na maganda.

Tata yako,
Wamaitha


Kaptembwo
20 Machi 2025

Kwa Tata,

Asante kwa waru. Mitchelle alikula mpaka nikamficha sufuria. Huku ilinyesha siku moja, ikaenda na umeme siku mbili, na mimi nina sare za shule ishirini za kumaliza. Wangu ameanza kutabasamu. Wa kwanza kupata hilo tabasamu si mimi, ni cherehani.

Ananyonya vizuri, ila akinyonya paji la uso linatoa jasho kama mtu anayelima. Daktari aliniambia nilichunge hilo jasho. Basi nalichunga. Nikimfunga mgongoni na leso nausikia moyo wake hapo kwenye uti wa mgongo wangu, na siku nzima nausikiliza. Nimeharibu kola tatu wiki hii.

Kama daktari anamjua Mungu, hilo sikumuuliza, Tata. Na ulisema ile ya kufunga nikuachie. Nilicheka, nikadhani unasema kabeji zako. Zimefunga?

Sasa kuna swali. Daktari alitaka kujua kama kuna mtu wa familia aliyewahi kuwa na shida ya moyo. Gathogo ameuliza kwao, hakuna. Kwetu mimi sijui kitu. Mama alituacha nikiwa na miaka minne, na kila nikiuliza aliugua nini naambiwa "aliugua kidogo." Hakuna mtu hufa kwa kuugua kidogo. Niambie tu. Siwezi kukasirika.

Wako,
Jackie


Kuresoi
14 Aprili 2025

Mwanangu,

Mvua imekuja ikaikata barabara, lori ya Wanyoike ililala kwa matope siku mbili na kabeji za watu juu yake. Ndio maana nimekawia. Ng'ombe wa Chepchirchir amezaa ndama mwenye doa jeupe usoni, na watu wanakuja kumwangalia kama mgeni kutoka ng'ambo.

Umeniuliza habari ya mama yako. Alikuwa na sauti nzuri kanisani, na kwa kusuka vikapu hakuna aliyemfikia hapa.

Kabeji bado hazijafunga. Majani yamelala wazi. Nilikuwa naenda kuziangalia kila asubuhi, sasa nimeacha, naona kama zinaona haya.

Nimempa Wanyoike lile gauni ulilonishonea Krismasi. Limekuwa pana kiunoni. Usiniulize sana, mtu akizeeka anarudi ndani. Lipunguze. Sina haraka nalo. Nachoka Jumatano na Ijumaa tu, siku zingine niko sawa.

Msalimie dada yangu.

Wamaitha


Kaptembwo
18 Mei 2025

Tata,

Salamu zitafuata chini. Leo naanza na wewe.

Jana nilienda sokoni kumwona Wanyoike. Alikuwa juu ya lori, anarusha kabeji, na akaniona akaanza kucheka.

"Jackie! Huyo tata yako siku hizi analala na kabeji!"

"Analala vipi?"

"Wiki jana Chepchirchir amempata kwa mistari, amelala chali, macho wazi. Akamwekea sukari kwa ulimi. Alipoamka unajua alisema nini? 'Nani amenilisha? Leo ni Ijumaa!' Akamkemea mama wa watu!"

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe, mpaka nilipofika nyumbani nikaona gauni lako limening'inia ukutani. Nikachukua kipimo. Nina vipimo vyako vya Desemba kwenye daftari. Nikafunga vifungo vyote sita, nikalilinganisha na mshipi wako uliolituma nao, pale tundu la mshipi limekatika kwa kutumika. Tata, umepungua inchi nne. Kutoka Desemba mpaka Aprili.

Jumatano na Ijumaa. "Niachie mimi." Daktari anayemjua Mungu. Nilikaa chini hapo hapo kwenye vitambaa.

Sikiliza, na usisome haraka. Hakuna mtu aliyesema mtu afunge. Daktari alisema tundu litajifunga. Tundu. Ule ukuta wa moyo unakua, nyama inasogea kidogo kidogo, na tundu linajiziba lenyewe. Hiyo ndiyo "dawa yake ni kufunga." Ni kama kabeji yako inavyofunga, si kama mama wa maombi anavyofunga. Na kama kuna mtu wa kulaumiwa ni mimi, niliandika nimechoka, mtoto akinyonya, nikakata sentensi mahali pabaya.

Tangu jana hili neno linanifuata kila mahali. Asubuhi mwenye kibanda cha mboga hapa mlangoni ananiambia leo atafunga mapema. Gathogo alipiga simu amenuna, timu yao ya pale kazini imefungwa mabao manne. Yule kijana wa mama Bravin amefungwa, amepewa kifungo cha miezi sita, na mimi nimekaa hapa nashona vifungo kwa sare za watoto. Mitchelle anauliza shule zitafunga lini. Mtoto nimemfunga mgongoni. Sikio lako limefunga. Neno ni hilo hilo moja, na kote huko halina habari na tumbo lako! Katika hayo yote, Tata, wewe ukachagua lile moja linaloweza kukuua.

Una sukari. Unameza dawa ya kuishusha, kisha huli. Hata mimi ambaye sikusoma sana naona hiyo hesabu inaishia wapi. Nakupenda na nakukataza. Kesho asubuhi kunywa uji. Na Jumatano. Na Ijumaa.

Sasa salamu. Tulienda kwa daktari tarehe kumi na nne. Tundu limepungua, karibu nusu. Mtoto ameongeza uzito, jasho limekuwa kidogo. "Linafunga," ndivyo alivyosema. Halijafunga, linafunga. Ametupa siku nyingine, Agosti. Akaniuliza tena habari ya familia. Nikamwambia namngoja tata yangu.

Gauni sitalipunguza.

Jackie


Kaptembwo
8 Juni 2025

Tata,

Wiki tatu na hujajibu. Wanyoike anasema barabara ni nzuri na wewe uko hai, umemwuzia kabeji na kumwita mwizi. Kwa hivyo najua umepata barua. Wangu ameota jino.

Jackie


Kuresoi
15 Juni 2025

Jackie,

Nimekurudishia barua yako ya Februari. Angalia ukurasa wa pili, nimepiga mstari chini na kalamu nyekundu ya mwalimu wa Sunday School. "Dawa yake ni kufunga tu, Tata. Wengi hufunga kabla ya mwaka kuisha na mtoto anakuwa sawa kabisa." Soma kama mtu ambaye hajui unachojua. Umeona? Nilimsomea pia Chepchirchir, naye akasema ni kufunga kwa maombi, na yeye ni mtu wa kubisha na mimi kwa kila kitu.

Halafu unaniandikia kwa ukali kama mimi ndiye mtoto. Nilikasirika wiki nzima. Wiki ya pili nilikuwa nimeaibika. Wiki ya tatu nilikuwa natafuta kalamu.

Kaa chini sasa.

Mama yako alikuwa na lile tundu. Hatukujua. Tulipokuwa wasichana tulichota maji mtoni, mimi nikiwa na kumi na mbili, yeye tisa, na kile kilima cha kurudi unakijua. Kila hatua kumi na tano Wangu anaweka debe chini na kuchuchumaa. Midomo inageuka rangi ya zambarau. Mimi nilikuwa na haraka. Nilimwita mvivu. Nilimwita hivyo mbele ya wasichana wengine na jina likamshika, mpaka shuleni wakamwita Mvivu. Nilikuwa nachukua debe lake nabeba yote mawili, lakini nikimtukana njia nzima.

Aliolewa, akakuzaa wewe, akachoka sana lakini akapona. Alipopata mimba ya pili akavimba miguu. Tulimpeleka Molo. Daktari wa pale akamsikiliza akatuuliza, huyu mtu ana tundu kwa moyo tangu azaliwe, mlikuwa wapi? Tulikuwa wapi. Mimi nilikuwa njiani namwita mvivu. Hakumaliza mwezi huo.

Kwa hivyo uliponiandikia "tundu," mwanangu, nilijua ni lile lile, limerudi juu ya jina lile lile. Nilidhani Mungu amenirudishia dada yangu aone kama safari hii nitabeba vizuri. Ungeniambia nisile mwaka mzima ningeona ni kidogo.

Sasa unajua. Mwambie daktari. Kama kwa kunyamaza nimemdhuru mtoto, niambie usinifiche.

Uji nakunywa. Chepchirchir anakuja kuangalia, umemtuma wewe?

Wamaitha


Kaptembwo
29 Juni 2025

Tata yangu,

Hatujambo wote. Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nimekaa, halafu nimeisoma tena nikiwa nimemshika Wangu.

Kwanza lile linalokuchoma. Hujamdhuru mtoto. Jumatatu nilienda kwa daktari Cherop bila kungoja Agosti, nikapanga foleni na barua yako mkononi. Nikamsomea ile sehemu ya Molo. Akasema ni vizuri kujua, ataiandika kwa faili, lakini tundu la Wangu ni dogo na liko mahali pazuri, na tayari linaonyesha kufunga. La mama lilikuwa kubwa na halikuonwa na mtu. Kisha akasema, "Na wewe, kaa hapa." Akanisikiliza mimi. Kesho yake nikampeleka Mitchelle. Sisi wawili hatuna kitu, Tata. Nilitoka pale miguu ikiwa myepesi, nikajinunulia chai na mandazi mawili na kula yote mwenyewe, barabarani, kama mtu asiye na watoto.

Ile kalamu nyekundu nimeiona. Umeshinda. Nimesoma kama mtu asiyejua, na hata mimi ningefunga.

Kuhusu kile kilima. Sikuwepo, na siwezi kujua ilivyokuwa. Lakini mimi nina msichana wa miaka saba hapa, namwona akiambiwa amsaidie mdogo wake. Analalamika, ananuna, anampachika majina. Umri wa miaka kumi na mbili ni mdogo. Wewe ulilalamika na ukabeba debe lake. Kila siku, madebe mawili. Hukujua yeye alikuwa anahangaika na nini, na bado ulibeba. Halafu alipokufa ukanibeba mimi, na sikumbuki ukiniita mvivu hata siku moja, na kwa kweli siku nyingine nilistahili.

Sina ruhusa ya kukusamehe kwa niaba ya mama. Ila hili jina la Wangu nililitoa mimi, na sikulitoa ili mtu afe njaa kwa ajili yake. Ndiyo, nimemtuma Chepchirchir. Ataendelea kuja. Anaandika kwenye kikaratasi, asubuhi umekula nini, saa saba umekula nini, na Wanyoike ananiletea. Jumanne iliyopita uliandikiwa "uji nusu kikombe, maneno mengi." Kikombe kizima, Tata.

Kuomba endelea. Omba na tumbo limejaa.

Jackie


Kuresoi
4 Agosti 2025

Mwanangu,

Nakula. Nakula mpaka Chepchirchir mwenyewe ameona haya, kwa sababu jana aliandika "amemaliza changu pia." Sukari walinipima zahanati wakasema iko sawa, nisijisifu. Ijumaa moja nilijaribu kuruka chai ya asubuhi, kidogo tu, na huyu mama akatoa kikaratasi mfukoni akaanza kuuliza kuruka kunaandikwaje. Nikanywa.

Kabeji za awamu ya pili zimefunga, na si kidogo. Ukigonga moja inalia kama mlango. Nimekutumia moja, ile kubwa kuliko zote, iko na majani ya nje ili isikauke. Usiikate kabla ya siku ya daktari. Sijui kwa nini. Niachie hilo moja.

Nikisikia lori nitakuwa barabarani. Andika mapema. Andika makubwa.

Wamaitha


Kaptembwo, Nakuru
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Tata,

LIMEFUNGA.

Nimeandika makubwa. Kama unasoma hapo barabarani, rudi nyumbani ukae kitini kwanza, hapa nakungoja.

Tulienda leo, sisi watatu, kwa sababu shule zimefunga na Mitchelle alikataa kuachwa kwa jirani. Daktari akampaka Wangu mafuta baridi, naye akalia, kisha akaona ile taa ya mashine akanyamaza. Mimi niliangalia ukutani. Kuna kalenda pale yenye picha ya flamingo, nimewajua wote mmoja mmoja. Daktari alikuwa anasogeza kile kitu kifuani, huku, huku, anarudi, anabonyeza. Kwa muda huo ningeweza kushona kola.

Akaniita, "Mama Wangu, njoo uone." Akanionyesha kwa kidole. "Hapa ndipo lilikuwa. Sasa tafuta."

Nikatafuta, Tata. Sikupata kitu. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosa kitu.

"Limefunga," akasema.

Mitchelle akauliza, "Litafungua lini?"

Daktari akageuka. "Nini?"

"Kama shule. Shule yetu imefunga, itafungua mwisho wa mwezi."

Daktari Cherop alicheka mpaka akavua miwani. Akainama akamwambia, "Hili si kama shule, mama. Hili likifunga, limefunga." Kisha akachukua faili la Wangu, akaandika mstari mmoja na kusaini, akalifunga nalo likafanya ule mlio wa karatasi nyingi. Tusirudi kwake tena ila mtoto akiugua. Nilimwuliza mara tatu kama ni kweli. Mara ya tatu alisema, "Mama, nenda nyumbani upike."

Nimepika. Kabeji yako nimeikata leo mchana. Ilikuwa imefunga hivi kwamba kisu kilikwama katikati, ikabidi nikigonge na mwiko. Ndani ni nyeupe kabisa, jani juu ya jani, hakuna hata nafasi ya kupitisha uzi. Wangu amepewa supu yake kwa kijiko, amekunja uso, ametaka tena. Gathogo amepiga simu akiwa ndani ya nyumba ya maua, nikamwambia, nikasikia amepiga mluzi mmoja mrefu na wenzake wakaanza kumuuliza ni nani amefunga bao.

Nimechoka, Tata, lakini ni uchovu mwingine. Leo mchana nimelala saa nzima bila kusikiliza kifua cha mtu.

Mwezi wa kumi na mbili Wangu anafikisha mwaka mmoja. Utakuja. Sikuulizi. Wanyoike ameshakubali kukuleta kwa kiti cha mbele, na mbwa atalishwa na Chepchirchir. Utamshika dada yako mdogo, na mkipanda ngazi za hapa kwetu akikataa kutembea, umbebe, na umtukane kama unataka. Nitakuwa nyuma yenu nasikiliza.

Gauni lako nimelifua, nimelipiga pasi, nimelikunja ndani ya gazeti, Wanyoike analo. Sijalipunguza hata uzi. Nimekaza tu vifungo vyote sita, vilikuwa vimelegea. Una miezi minne ya kula. Siku ya kuja ulivae, na pale mlangoni nitakuangalia kile kifungo cha kiunoni, cha nne kutoka juu.

Hicho peke yake, Tata, naomba kikatae kufunga.

Mwanao,
Jackie